Jina lako mtandaoni ni kama kibanda sokoni, usipolipia litapewa mwingine

MAMA mmoja mwenye duka la vyombo mjini Tororo alinipigia simu asubuhi moja, sauti yake imejaa mshangao. “Mzee, kwani siku hizi mmeacha ndoo na masufuria mkaingia kamari?” akaniuliza.

Nilicheka nikidhani anatania. Kumbe mwenzangu alikuwa ameketi mbele ya tarakilishi ya mpwa wake akitafuta bei kwenye tovuti yetu, kama alivyozoea kufanya kila anapotaka kujaza duka. Badala ya picha za ndoo, alikuta magurudumu ya bahati nasibu yakizunguka na maandishi ya kumwalika aweke pesa.

Alikuwa na neno jingine. Wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuwa ametutumia barua pepe ya kuagiza dazeni 40 za ndoo na beseni. Hakujibiwa. Alingoja siku tatu, akaona pengine tumefunga biashara, akanunua kwingine. Mpaka leo sijui barua ile iliangukia mikononi mwa nani.

Hivyo ndivyo nilivyogundua kwamba jina tulilotumia miaka sita, tulilochapisha kwenye risiti, kwenye mifuko na ubavuni mwa gari letu, halikuwa letu tena. Muda wake ulikuwa umeisha, hatukulipa, na mtu tusiyemjua alilisajili mara tu lilipoachiliwa. Tulipomwandikia kumwomba aturudishie, alijibu kwa mstari mmoja tu: dola 900.

Nayasimulia haya kwa sababu naona wafanyabiashara wengi wa Busia, Malaba na Tororo wakielekea shimo lile lile nililotumbukia. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi jina la mtandaoni ni mali, na wengi wetu hatujaliandika kwenye daftari lolote.

Kosa la kwanza lilikuwa letu wenyewe. Tulimpa kazi kijana mmoja atutengenezee tovuti. Kijana alikuwa hodari, naye aliimaliza kazi kwa wiki moja. Lakini wakati wa kusajili jina, alijaza barua pepe yake na nambari yake ya simu. Sisi hatukuuliza. Tuliona tovuti inafunguka, tukafurahi, tukamlipa. Baadaye alipata kazi nchi za Ghuba, akabadilisha simu, na ile barua pepe akaacha kuifungua. Ilani zote za kutukumbusha kulipa zilitumwa huko, zikarundikana bila msomaji.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhani ukishalipia jina la mtandaoni, lile ambalo wataalamu huliita domeini, umelinunua kama shamba na utawarithisha wanao. Sivyo. Jina hilo hukodishwa, na kodi hulipwa kwa mwaka au miaka kadhaa. Linafanana zaidi na kibanda cha sokoni kuliko shamba. Ukilipa ada, ni chako na hakuna wa kukubughudhi. Ukikaa bila kulipa, siku moja utakuta kufuli ya mtu mwingine mlangoni.

Tofauti ni moja. Sokoni majirani watakupigia simu wakiona karani anavunja kufuli yako. Mtandaoni hakuna jirani.

Wacha nieleze jinsi jina linavyotoka mkononi mwa mwenyewe, maana wengi huambiwa tu kwamba “liliibwa” na mambo yakaishia hapo. Kwa majina yanayoishia na .com, .net au .org, kanuni hutungwa na shirika la ICANN, lililoundwa mwaka wa 1998 huko Marekani. Tangu mwaka wa 2013, kanuni hizo zinamtaka wakala aliyekusajilia akutumie ilani mara mbili kabla ya muda kuisha, moja ikibaki kama mwezi mmoja na nyingine ikibaki kama wiki moja. Muda ukishapita, anatakiwa akuandikie tena ndani ya siku tano.

Ukinyamaza, wakala anaweza kulishikilia jina hadi siku 45. Katika siku hizo tovuti hukatika, lakini mara nyingi mwenyewe huruhusiwa kulipa na kuendelea. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mawakala wengi hutumia kipindi hicho hicho kulipeleka jina mnadani. Jina zuri linaweza kuuzwa kabla hata halijaachiliwa kwa umma.

Wakala akishalifuta, huja siku 30 za ukombozi. Mwenyewe bado anaweza kulirudisha, ila sasa ada huwa ni mara kadhaa ya ile ya kawaida. Baada ya hapo huja siku tano za mwisho ambazo hakuna mtu, hata mwenyewe, anayeweza kuligusa. Kisha linaachiliwa.

Ukijumlisha, utaona kwamba aliyelala anaweza kupewa hadi siku 80 za kuamka. Si muda mfupi. Jina linapoachiliwa, hata hivyo, usidhani utakimbia hadi saiba ya hapo Marachi ukalidake. Ziko kampuni ambazo kazi yao ni hiyo tu. Wateja wao huweka oda mapema, na mitambo yao hugonga mlango wa msajili mara nyingi kwa kila sekunde hadi jina lianguke. Kabla hujamaliza kuandika neno lako la siri, limeshakwenda.

Biashara hiyo ina ujanja wake pia. Mwaka wa 2009 kampuni ya SnapNames ya Marekani, inayojulikana sana kwa minada ya majina yaliyoisha muda, ilikiri kwamba mmoja wa wafanyakazi wake alikuwa akishiriki minada hiyo kwa jina la bandia tangu mwaka wa 2005. Waliokuwa wakishindana naye walipandishiwa bei bila kujua wanashindana na mtu wa ndani. Sisi tunaolalamikia madalali wa mahindi tungeelewa mchezo huo mara moja.

Kwa majina ya .ke, msimamizi ni KeNIC, na usajili hufanywa kupitia mawakala wake. Upande wa pili wa mpaka kuna .ug, yenye msimamizi na kanuni zake. Siku za neema si lazima zilingane na zile za .com. Kwa hivyo muulize wakala wako leo: muda ukiisha, nina siku ngapi, na nitalipa kiasi gani kulikomboa? Akishindwa kukujibu, tafuta mwingine.

Mtu asiseme kwamba hili ni tatizo la washamba wa mpakani. Mnamo Desemba 1999, kampuni ya Microsoft ilisahau kulipa dola 35 za jina passport.com, na watumiaji wa barua pepe za Hotmail wakashindwa kuingia. Aliyewaokoa ni mtaalamu mmoja Mmarekani, Michael Chaney, aliyelipa ada hiyo kwa kadi yake mwenyewe siku za Krismasi. Mnamo Aprili 2021, kijana wa Argentina, Nicolás Kuroña, alilikuta jina la Google la nchi yake likiwa wazi, akalisajili kwa peso 270. Google walilipata tena, lakini kwa saa kadhaa lilikuwa lake kwa bei ya chakula cha mchana.

Sisi hatuna jina la Google. Likichukuliwa letu, hakuna gazeti litakaloandika wala wakala atakayeharakisha kuturudishia.

Hasara yenyewe ni kubwa kuliko tovuti kukatika. Anayelichukua jina lako huchukua pia uwezo wa kufungua barua pepe zote zilizo chini ya jina hilo. Kila atakayekuandikia kwa anwani ya zamani, ataandikia yeye. Mwaka wa 2018, mtafiti wa usalama Gabor Szathmari alionyesha jambo hilo nchini Australia. Alisajili upya majina yaliyoachwa na kampuni za mawakili zilizokuwa zimeungana au kubadilisha majina, akatulia akingoja. Barua za siri za wateja, ankara na taarifa za benki zikaanza kumiminika kwake.

Hebu hamisha mfano huo uulete hapa kwetu. Mteja wa Mbale anakuandikia akiuliza akulipe kwa akaunti gani. Barua inamfikia mgeni. Mgeni anajibu kwa jina lako, kwa anwani yako ile ile, akitoa nambari ya akaunti yake. Mteja analipa kwa moyo mweupe. Kisha anakuja kwako kudai mzigo, na wewe huna habari ya pesa wala ya mzigo. Urafiki wa miaka kumi unakwisha pale pale kwenye geti la forodha.

Wafanyabiashara wa mpakani tunaishi kwa kuaminiana. Ushuru wa forodha ulipoanza kulegezwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2005, na kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilipozinduliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili mnamo Februari 2018, mizigo ilianza kupita kwa urahisi zaidi. Lakini hakuna serikali inayoweza kukuzindulia uaminifu wa mteja. Huo unaujenga mwenyewe, na umefungwa kwenye jina lako.

Nageukia sasa ndugu zetu waliorudi nyumbani. Nyinyi mnalielewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Mwaka wa 2008 Wakenya wengi waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi walivuka hapa Busia na Malaba, na baadhi wakahifadhiwa Mulanda wilayani Tororo. Wengine wenu mmerudi juzi kutoka Qatar, Saudia au Uingereza mkiwa na akiba ya kuanzia maisha. Aliyewahi kukaa mbali anajua uchungu wa kurudi na kukuta mlango uliouacha una mwenyewe mpya.

Hata nambari ya simu ina desturi hiyo. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huifunga na baadaye nambari hupewa mteja mwingine. Wapo waliorudi, wakapiga nambari zao za zamani, wakajibiwa na mtu wasiyemjua. Kama nambari ile ndiyo uliyoiunganisha na benki au na barua pepe, shida ni zaidi ya kupoteza marafiki. Jina la mtandaoni liko vivyo hivyo. Halijali kwamba ulikuwa ughaibuni, kwamba kadi yako ya benki ilibadilishwa, au kwamba ulikuwa hospitalini.

Kwa mliorudi kuna upande wa pili pia, nao ni wa nafasi. Baadhi yenu mnatafuta jina la kuanzishia biashara, na mnakuta lile mnalolipenda lilikuwa la mtu aliyeliachilia. Je, ni haki kulichukua?

Nimeulizwa swali hili mara nyingi, tena na vijana wanaodhani kwa sababu niliumia nitasema ni wizi. Sisemi hivyo. Jina lililoachiliwa kwa kufuata kanuni liko wazi, na maneno ya kawaida si ya mtu mmoja. Neno boda boda lilizaliwa hapa hapa mpakani, kwa vijana wa baiskeli waliobeba abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, na sasa linatumika nchi nyingi za Afrika. Nani atasema ni lake peke yake? Anayesajili jina lenye maneno kama nafaka, soko au mpakani, kwa nia ya kufanya biashara ya kweli, hajamkosea mtu.

Lakini yuko mwingine. Huyo hukaa akiangalia jina la duka la jirani likiisha muda, akalisajili, kisha akamtumia ujumbe wa kudai pesa. Au akalitumia kuwavuta wateja wa mwenzake kwenye kamari. Huyo namfananisha na mtu aliyeokota pochi yenye kitambulisho ndani, akamwona mwenyewe akiitafuta, akamwambia alipe kwanza. Kufuli kufunguka hakumfanyi mwizi kuwa mwenye nyumba.

Sheria ya Kenya inaliona hivyo pia. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka wa 2018 kinasema kwamba anayetwaa au kutumia kimakusudi jina, alama ya biashara au domeini ya mwingine bila ruhusa wala haki anatenda kosa. Adhabu ni faini isiyozidi Sh200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Ni sheria nzuri, lakini usiegemee sana. Anayekuchukulia jina mara nyingi hayuko Kenya wala Uganda. Ukitaka kumshtaki kupitia utaratibu wa kimataifa ambao ICANN iliuweka mwaka wa 1999, ni lazima uthibitishe mambo matatu: kwamba jina hilo linafanana na alama ya biashara yenye haki yako, kwamba yeye hana haki nalo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Ada ya kusikilizwa na msuluhishi mmoja katika Shirika la Haki Miliki Duniani ni dola 1,500. Kumbuka kwamba utaratibu rahisi wa biashara mpakani umewekwa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Ada ya kudai jina inakaribia mzigo mzima wa mfanyabiashara mdogo.

Ndiyo maana sisi hatukulipa zile dola 900 wala hatukwenda kushtaki. Tulianza upya kwa jina jipya linaloishia na .co.ke, tukachapisha risiti upya, tukapaka gari rangi upya, na nikawapigia simu wateja mmoja mmoja. Kazi hiyo ilichukua miezi mitatu. Ada ambayo tungelipa kwa mwaka kuepuka hayo yote ilikuwa kiasi cha Sh1,000. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi tulijenga nyumba nzima.

Basi msomaji, fanya mambo haya kabla wiki haijaisha. Kwanza, mtafute aliyekutengenezea tovuti umuulize jina limesajiliwa kwa nani. Kama si kwa jina lako au la kampuni yako, libadilishe mkingali mnaelewana. Pili, hakikisha barua pepe iliyo kwenye usajili ni yako na unaifungua, na isiwe ile inayotumia jina hilo hilo la tovuti. Jina likikatika, barua pepe hiyo nayo hukatika, na ilani zitakuwa zikigonga mlango uliofungwa.

Tatu, lipa miaka kadhaa kwa mpigo. Jina la .com unaweza kulilipia hadi miaka kumi. Nne, andika tarehe ya mwisho kwenye daftari la biashara pale unapoandika leseni na kodi ya duka, na watu wawili waijue. Tano, ukibadilisha jina la biashara, usilitupe la zamani mara moja. Endelea kulilipia miaka michache hadi wateja wote wahame.

Na wewe unayetaka kuchukua jina lililoachwa, lichunguze kwanza kama unavyochunguza gari la mitumba. Maktaba ya Internet Archive huhifadhi sura za zamani za tovuti nyingi na kuzitazama ni bure. Angalia lilikuwa la nani na lilifanya nini. Kama lilitumiwa kwa utapeli, huenda barua pepe zako zitatupwa kwenye takataka za wateja, na utakuwa umenunua deni la mwingine. Kama lilikuwa la jirani yako aliyesahau, mpigie simu. Michael Chaney angeweza kunyamaza, lakini alilipa na jina likabaki la wenyewe.

Mwisho nina neno kwa Serikali ya Kaunti ya Busia, uongozi wa wilaya za Busia na Tororo, na mashirika ya misaada yanayofanya kazi mpakani. Miradi huja na tovuti na vijitabu, kisha ufadhili ukiisha hakuna anayelipia jina. Vijitabu vinabaki mikononi mwa watu. Mwaka wa 2015 kampuni ya Heinz iliaibika Ujerumani wakati mteja alipofuata anwani iliyokuwa kwenye chupa ya tomato akajikuta kwenye tovuti ya picha chafu, kwa sababu jina la shindano lililokwisha halikulipiwa. Kama aibu hiyo ilitokea kwenye chupa ya tomato, itashindwaje kutokea kwenye kijitabu kinachowaeleza akina mama jinsi ya kulipia mizigo yao mpakani?

Kila mradi utenge ada ya jina kwa miaka kadhaa baada ya kufungwa. Na pale wafanyabiashara wadogo wanapofundishwa kujaza fomu za forodha, nusu saa itengwe ya kuwafundisha kusajili na kulinda majina yao.

Mama wa Tororo amerudi kununua kwetu, ingawa bado hunitania akinipigia simu. Kabla ya kuagiza huuliza kwanza, “Mzee, leo ni ndoo au ni kamari?” Nami humjibu kwamba ni ndoo, na kwamba jina limelipiwa hadi miaka mitano ijayo.